Mgeni alipie kijijini: hotuba kwa kamati za maliasili za vijiji vya Usambara Mashariki

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa kamati za maliasili, wazee wetu, mama zetu na vijana, shikamooni na habari za asubuhi.

Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala wa wilaya huku Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Akatuma mbegu kwao. Mwaka uliofuata wataalamu wakaliandika kwa jina lake, Saintpaulia, na leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Wafanyabiashara wa maua wamelizalisha kwa rangi na maumbo ambayo hata milima hii haiyajui. Vijiji vyetu havikupata kitu. Ua lilibebeka, na likishabebwa, aliyelibeba hana haja tena na mwamba lilikotoka.

Bundi wa Usambara habebeki. Ndege aitwaye chozi wa Amani habebeki, wala yule ndege mshonaji mwenye mdomo mrefu ambaye duniani kote anajulikana kwenye milima hii na milima ya Njesi huko kaskazini mwa Msumbiji basi. Anayetaka kumwona lazima afike Muheza, apande barabara ya Zigi, alale huku, ale huku, na aongozwe na mtu anayejua ndege huyo hujificha kwenye mitambaazi gani ya msituni. Hapo utalii unaachana na magogo, na unaachana na dhahabu ya Sakale iliyowaleta watu mbio mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuacha mashimo kwenye vijito. Mnunuzi anakuja mwenyewe mpaka mlangoni.

Lakini mlango wa nani? Faida ya mgeni huenda kwa anayepokea oda yake, anayempangia bei na anayemwandikia stakabadhi. Kama watu hao watatu wako Arusha, kijiji kitabaki na alama za matairi na chupa tupu za maji, hata msitu ukiwa mzuri namna gani. Hilo ndilo tulilokuja kulisema leo. Mengine yote ni namna ya kulitekeleza.

Tujue kwanza kilicho chetu na kisicho chetu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, yenye hekta 8,380, ni ya Serikali na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio cha lango la Zigi ni chao. Kijiji kinaweza kuingia makubaliano ya usimamizi wa pamoja, na kinaweza kupata mgao, lakini mgao hupangwa na anayegawa. Mwaka huu upo, mwakani umechelewa, na huna pa kudai. Tusiupuuze, ila tusiuite umiliki.

Kinachomilikiwa ni msitu ulio ndani ya ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo, kutoza ada na kubaki na mapato. Njia yenyewe inajulikana ingawa watu hupenda kuruka hatua. Kijiji kiwe na mipaka iliyopimwa na cheti cha ardhi ya kijiji. Kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi unaoonyesha msitu uko wapi na mashamba yako wapi. Kamati ya maliasili ichaguliwe na mkutano mkuu, isiteuliwe na mwenyekiti nyumbani kwake. Kamati iandae mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Mkutano mkuu uzipitishe, halafu ziende Halmashauri ya Wilaya zikaidhinishwe, na msitu uandikishwe huko. Baada ya kuusimamia kwa miaka 3 au zaidi, kijiji kinaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Kazi hii haimaliziki kwa msimu mmoja, na anayewaahidi kuimaliza kwa mwezi anataka posho.

Mambo hukwama sehemu mbili. Ya kwanza ni mpaka na kijiji jirani. Ukianza kutoza wageni kabla mpaka haujakubaliwa kwa maandishi, siku fedha ya kwanza ikipatikana ndiyo siku mgogoro unazaliwa. Ya pili, huku kwetu, ni iliki. Tunajua wote jinsi inavyolimwa: miti mikubwa inaachwa, vichaka na miche ya chini inafyekwa, na kwa mbali msitu unaonekana mzima. Miaka ikipita mavuno yanashuka, miti mizee inaanguka na hakuna mche wa kuirithi. Sasa ukitenga msitu wenye iliki za watu ndani yake bila kuzungumza nao, unatenga msitu na kutengeneza maadui kwa tendo moja. Waiteni kabla ya mkutano mkuu. Andikeni majina, eneo la kila mmoja, na makubaliano kwamba avune iliki iliyopo mpaka itakapokwisha, asipande tena wala asifyeke upya. Karatasi hiyo iambatishwe kwenye muhtasari. Watu hawa pia wawe wa kwanza kwenye orodha ya zamu za kuongoza na kupikia wageni, ambayo tutaifikia.

Wengi hudhani msitu mdogo hauna biashara. Hekta 100 zinatosha njia mbili za mzunguko, moja ya kilomita 3 na nyingine ya 4. Mtazama ndege akiikamilisha kilomita 3 kwa saa tatu amekwenda haraka.

Halafu nani aendeshe? Hapa tuna msimamo, na tunajua wapo watakaoupinga. Serikali ya kijiji isiendeshe biashara ya utalii. Halmashauri ya kijiji huchaguliwa kila baada ya miaka 5, na tumeona vijiji ambavyo uchaguzi ulipopita, funguo, namba za simu za wateja na daftari la oda vyote vilipotea na waliotoka. Kijiji kiwe mwenye mali. Mwendeshaji awe kikundi au chama cha ushirika kilichosajiliwa, chenye leseni zake, ikiwamo ile ya utalii tunayoiita TALA. Kati yao uwepo mkataba wa maandishi kama wa mwenye nyumba na mpangaji: nani anatengeneza njia, nani analipa walinzi, kila mgeni anakiingizia kijiji shilingi ngapi, na mkataba unavunjwa vipi.

Kuna mfano wa mbali ambao tumeupenda kwa sababu umeandikwa na kuchambuliwa sana. Nchini Peru, kwenye mto Tambopata, ipo jumuiya ya Infierno, ya Waese'eja, wenyeji wa asili wa huko, pamoja na wahamiaji waliochanganyika nao. Mwaka 1996 walitia saini mkataba wa miaka 20 na kampuni ya utalii ya Rainforest Expeditions kujenga nyumba ya wageni, Posada Amazonas, iliyofunguliwa mwaka 1998. Faida asilimia 60 kwa jumuiya, 40 kwa kampuni, na maamuzi nusu kwa nusu. Watu wakisikia 60 kwa 40 hupiga makofi. Sisi tunatazama kipengele kingine: jumuiya ilichagua kamati yake ya usimamizi ya kukaa mezani na kampuni, kukagua hesabu na kuamua. Bila kamati hiyo, asilimia 60 ya faida ingeweza kuwa asilimia 60 ya hewa, kwa kuwa faida hupikwa. Mwendeshaji akinunua gari kwa hesabu ya mradi, akalipa ndugu yake mshahara wa meneja, mwisho wa mwaka faida haipo na hakuna aliyeiba.

Ndiyo maana tunashauri kijiji kinachoanza kisidai asilimia ya faida. Dai kiasi kwa kila kichwa. Vichwa huhesabiwa na mtoto wa darasa la pili, faida inahitaji mhasibu. Mkishakuwa na miaka mitatu ya vitabu safi, ndipo mzungumze asilimia.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Jumuiya ya Añangu, ya wenyeji wa asili waitwao Wakichwa, ndani ya hifadhi ya Yasuní huko Ecuador, walianza na ubia katika nyumba ya wageni ya Napo Wildlife Center, na tangu mwaka 2007 nyumba ile ni mali yao yote. Wamepiga marufuku uwindaji katika eneo lao kwa hiari, kwa sababu kila mnyama anayeonekana ni fedha. Karibu zaidi na hapa, Bigodi nchini Uganda, kando ya msitu wa Kibale, chama cha wanakijiji kilichoanza mwaka 1992 kinatembeza wageni kwenye kinamasi cha Magombe, nje kabisa ya hifadhi ya Serikali, na mapato yamejenga na kuendesha shule ya sekondari. Wageni wanakwenda Kibale kuwaona sokwe. Bigodi ilijua kuwauzia saa zao za mchana zilizobaki. Amani na sisi ni vivyo hivyo: mgeni atakuja kwa ajili ya hifadhi, ila jioni, usiku na siku ya pili ni zetu tukijipanga.

Sasa tupige hesabu. Hii ni ya mfano tu, kila kijiji kibadilishe tarakimu zake. Tuseme mnapata wageni 500 kwa mwaka, wakija wanne wanne, yaani makundi 125. Ada ya kijiji ni shilingi 10,000 kwa kichwa: milioni 5. Mwongozaji analipwa 30,000 kwa kundi: milioni 3 na laki 7 na nusu. Sahani 300 za chakula kwa 15,000: milioni 4 na nusu. Jumla ni shilingi 13,250,000.

Kwanza, fedha ya mfuko wa kijiji ni milioni 5, lakini fedha inayoingia moja kwa moja kwenye mifuko ya waongozaji na mama wapishi ni milioni 8 na robo. Watu hugombania cheo cha mweka hazina na kuisahau orodha ya zamu, wakati orodha ya zamu ndiyo yenye fedha nyingi. Ikishikwa na mtu mmoja, familia moja itapika na kuongoza mwaka mzima. Ibandikeni ukutani, jina na tarehe, na aliyekosa siku yake asubiri mzunguko. Kaya zinazopakana na msitu, zile ambazo nguruwe pori na kima humaliza mahindi yao, zitangulie.

Pili, waongozaji watano wakigawana ile milioni 3 na laki 7 na nusu, kila mmoja anapata 750,000 kwa mwaka, sawa na 62,500 kwa mwezi. Huo si mshahara. Kijana asing'oe mdalasini wala karafuu zake kwa sababu amepewa kofia ya mwongozaji. Utalii wa kijiji ni kipato cha pembeni kinachokaa juu ya shamba, na shamba lenyewe la viungo ni kitu ambacho mgeni atalipa kulitembelea.

Tatu, ile milioni 5. Walinzi wanne, doria 4 kwa mwezi, posho 10,000 kwa siku, ni 160,000 kwa mwezi, sawa na 1,920,000 kwa mwaka. Kwa hiyo tengeni asilimia 40, yaani milioni 2, kwa doria na mabuti. Asilimia 15, laki 7 na nusu, kwa njia na madaraja. Inabaki 2,250,000 ambayo mkutano mkuu unaipangia kazi: mabati ya zahanati, bomba la maji, chochote. Msianze na bomba mkaacha doria. Siku msumeno wa mnyororo ukisikika wakati mgeni anatazama ndege, atakwenda kuandika kwenye simu yake jioni ile ile.

Kuhusu vitabu, wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari. Stakabadhi ziwe na namba zilizochapwa na nakala tatu: ya mgeni, ya mweka hazina, na inayobaki kitabuni. Mgeni asaini kitabu cha wageni yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Kila mwisho wa mwezi watu wawili wasio wa kamati walinganishe kitabu cha wageni na stakabadhi. Wageni 43 na stakabadhi 37, kuna watu 6 wa kutafutwa. Malipo yapitie lipa namba yenye jina la kikundi, kamwe si simu ya mwenyekiti, hata akiwa mwaminifu namna gani. Bahashishi anayopewa mwongozaji ni yake, ila bei iandikwe kwenye ubao kwa Kiswahili na Kiingereza ili mgeni ajue kipi ni ada na kipi ni zawadi. Pasipo na ubao, kila mwongozaji huwa na bei yake, na sifa mbaya husambaa kuliko nzuri.

Njia za msituni huharibika kwa maji kabla ya miguu. Huku mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na hakuna mwezi mkavu kabisa. Njia inayopanda mlima moja kwa moja ni mfereji mliojichimbia wenyewe. Ipitisheni ubavuni, isipande zaidi ya mita 1 kwa kila mita 10, na ardhi ya njia iiname kidogo kuelekea bondeni ili maji yavuke badala ya kuifuata. Upana wa mita 1 unatosha, zaidi ya hapo mnafungua mwavuli wa miti na magugu yanaingia. Penye mwinuko mkali wekeni magogo au mawe kwa mshazari, yakizikwa nusu, na mkumbuke kusafisha mdomo wa kutokea maji kila baada ya mvua kubwa. Mdomo huo ukizibwa na majani, maji hurudi njiani na gogo lenyewe linachimbuliwa. Ngazi zisizidi sentimita 18 kwenda juu, kwani wageni wengi wanaokuja kutazama ndege ni wazee. Madaraja ya mbao yapigiliwe wavu wa kuku juu, kwa misumari ya kichwa, la sivyo ukungu wa kijani utamvunja mtu kiuno. Mkaratusi mchanga usitumike kwa nguzo zinazogusa udongo, huoza haraka sana.

Kazi hii ifanyike Januari na Februari, kabla ya masika. Ukisubiri Aprili unatengeneza matope.

Waongozaji sasa. Kijana anayejua majina 20 ya miti kwa Kisambaa na kwa Kiswahili tayari ana nusu ya elimu. Nusu nyingine ni nidhamu. Chukueni matembezi ya usiku ya vinyonga, ambayo hayahitaji mtaji zaidi ya tochi. Kinyonga akilala hupauka, na mwanga ukimpiga pembeni mwa tawi huonekana mweupe kwenye majani meusi. Mwongozaji mbaya humng'oa tawini amweke mgeni mkononi, kwa sababu mgeni atafurahi. Kinyonga hushika tawi kwa kucha na mkia, na ukimvuta unaweza kumuumiza; akirudishwa, anarudishwa mahali pasipo pake. Usiku wa pili hayupo. Mwongozaji mzuri humulika kwa sekunde chache kutoka ubavuni, anaeleza pembe zile tatu ni za dume, na kundi linasonga. Kwa bundi, tochi isielekezwe machoni. Sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu zipigwe mara mbili tatu halafu basi: ndege anayeitwa kila siku na adui asiyeonekana huhama eneo. Wageni wasizidi 6 kwa mwongozaji mmoja. Kwa mbega na kima, mita 7 au zaidi, hakuna kula mbele yao, na mwenye kikohozi abaki, maana maradhi yetu ya kifua yanawapata na wao. Mrudishieni ada yake bila mabishano.

Neno kuhusu hasara za majirani. Jozani, Unguja, wakulima walilalamika kwamba kima punju wanamaliza nazi changa. Watafiti walipohesabu miaka ya 1990, mavuno ya minazi iliyoliwa hayakuwa yamepungua; ulaji ule ulifanya kazi kama ya kupunguza nazi changa ili zilizobaki zikue. Pamoja na hayo, sehemu ya fedha ya watalii ilielekezwa kwa wakulima wale, na tunaona ilikuwa sawa. Mkulima anayemvumilia mnyama anafanya kazi, na kazi hulipwa. Lakini hesabuni kwanza. Malalamiko na hasara si kitu kimoja.

Tumalizie na hatari kubwa kuliko zote, ya kuegemea mlango mmoja. Mradi wa vipepeo wa Amani ulifanya vizuri: kaya zilifuga viwavi kwenye vibanda vya neti, zikapanda miti wanayokula, na kiwavi akishajifunga kwenye ganda alisafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho ng'ambo. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo humo. Soko likafungwa kwa tangazo moja. Mwaka 2020 ndege za abiria ziliposimama, ilikuwa zamu ya wageni kutoweka. Kwa hiyo msijenge nyumba ya wageni ya mkopo inayohitaji vitanda kujaa kila mwezi. Anzeni na njia, jiko na vyumba viwili katika nyumba zilizopo. Tafuteni wageni wa ndani pia: shule na vyuo vya Tanga na Muheza, makanisa, misikiti, vikundi vya wafanyakazi. Wawekeeni bei yao ya shilingi, hata 2,000 kwa mwanafunzi. Jiji la Tanga linakunywa maji ya mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, na mtoto wa Tanga aliyeona maji hayo yanatokea chini ya mizizi gani ni mteja ambaye hategemei ndege ya abiria.

Akiba ya dharura iwe sawa na doria za miezi 6. Kwa hesabu yetu ya mfano ni 960,000. Ikitolewa kwa sababu nyingine yoyote, hata ya msiba, ipitie mkutano mkuu.

Sasa tupokee maswali. Tungeomba tuanze na vijiji ambavyo mipaka yao bado haijapimwa, na wenye muhtasari wa mkutano mkuu uliopita wausogeze hapa mbele tuusome pamoja.